Risasi za mbio zapiga CHINI kuliko za kawaida. Nani ataniambia kwa nini?

Nahodha_wa_Tudor

Asalaam aleikum wanarenji. Naomba msaada, na wale wa kucheka wacheke mapema tuendelee.

Jumamosi nilikuwa renji, uwanja wa shabaha, na bunduki yangu ya .22. Siku zote natumia risasi za kawaida za shabaha, kisanduku kimeandikwa mita 325 kwa sekunde. Darubini nimeirekebisha nazo kwa mita 50, na nikitulia matundu matano yanafunikwa na sarafu ya shilingi ishirini. Safari hii zilikuwa zakaribia kuisha, nikachukua dukani kisanduku cha zile za mbio, mita 380. Nikajiambia: hizi zinafika mapema, basi zitaanguka kidogo, zitapiga juu, nitashusha kliki mbili tatu na maneno yamekwisha.

Tano za kwanza zikashuka. Sentimita moja CHINI ya mahali pa kawaida. Nikadhani mkono. Tano nyingine, pale pale. Nikarudia za kawaida, zikapanda kwao juu. Darubini sijaigusa. Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi, upepo hata kuzima kibiriti hauwezi.

Nimeuliza watu pale pale na kila mtu ana lake. Mmoja kasema darubini imelegea. Mwingine kasema kisanduku kimekaa dukani sana. Wa tatu kanishauri niache miraa, na mimi miraa situmii.

Risasi yenye mbio zaidi inaangukaje chini ya ile ya polepole?

chizi_wa_Kongowea

Zina mbio mpaka zimeipita shabaha, zikageuka, zikapiga kwa nyuma. Ndiyo maana ziko chini. Kesi imefungwa.

Abu_Faisal

Kaka usijisumbue, ni unyevu. Hewa ya Mombasa nzito, imejaa maji ya bahari. Ile ya mbio inagongana na hewa kwa nguvu zaidi, inapoteza mwendo, inashuka. Mimi nimepiga Nairobi na nimepiga hapa, najua ninachosema.

Dada_Shabaha

Abu_Faisal, nusu yako ni kweli na nusu si kweli, niruhusu niipasue.

Hewa ya hapa ni nzito kuliko ya Nairobi, naam. Sababu ni kwamba sisi tuko usawa wa bahari na wao wako juu kama mita 1,700. Maji hayahusiki. Hewa yenye mvuke ni NYEPESI kidogo kuliko hewa kavu ya joto lile lile, kwa sababu molekuli ya maji ni nyepesi kuliko ya nitrojeni au oksijeni na imechukua nafasi yake. Tunahisi uzito kwa sababu jasho halikauki. Risasi haitoki jasho.

Sasa hesabu, maana mimi ni mwalimu na siwezi kujizuia. Risasi huanza kuanguka pale pale inapotoka mdomo wa mtutu, haingoji. Kiasi cha kuanguka ni nusu ya 9.81 (namba ya mvutano wa dunia) mara muda mara muda. Kwa hiyo kinachotakiwa ni muda tu.

Ile ya 325 haibaki 325, hewa inaikaba njiani. Mita 50 inazimaliza kwa kama sekunde 0.161, imeanguka sentimita 12.7 hivi. Ile ya 380 inakabwa zaidi (hapo Abu_Faisal umepata), lakini bado inatangulia: kama sekunde 0.141, sentimita 9.8. Kwa hiyo ya mbio ilipaswa kupiga karibu sentimita TATU juu ya nyingine. Wewe umeipata moja chini. Kuna sentimita nne zimepotea mahali, na hewa haiwezi kuzimeza kwa mita 50.

Hizo si darubini iliyolegea, Nahodha. Ingekuwa imelegea, za kawaida zisingerudi mahali pake.

Nahodha_wa_Tudor

Mwalimu shukrani. Sasa sentimita nne zimeingia wapi?

Kijana_wa_Ngong

Lakini si risasi hupanda kwanza ndipo inashuka? Nimeiona michoro mingi, inapanda kama upinde. Labda ya mbio ilikuwa bado haijamaliza kupanda.

Dada_Shabaha

Haipandi yenyewe kama ndege inayoondoka uwanja wa Moi, mdogo wangu. Darubini imekaa kama sentimita nne juu ya mtutu. Ili macho na risasi zikutane kwenye karatasi, mtutu umeinuliwa kuangalia juu kidogo. Risasi inapanda kwa jinsi ulivyoirusha, kama unavyotupia embe jiwe. Ukichora mstari kutoka ndani ya mtutu, risasi haiuvuki kwenda juu hata siku moja. Michoro ile inachorwa kwa kufuata jicho.

MzeeMtutu

Nimesoma nikanyamaza kwanza, nione kama kuna atakayeuliza. Hakuna. Basi nauliza mimi.

Nahodha, mwanangu, kifuko cha mchanga ulikiweka wapi? Chini ya mbao ya mbele ya bunduki, au chini ya mtutu wenyewe?

Nahodha_wa_Tudor

Shikamoo mzee. Kusema kweli... chini ya mtutu. Karibu na mdomo. Niliona unatulia zaidi.

chizi_wa_Kongowea

Ewaaa. Mshtakiwa amekiri.

MzeeMtutu

Marahaba. Sasa tumefika.

Nyinyi vijana mnafikiri risasi inatoka wakati mnavuta triga. Sivyo. Baruti ikiwaka, risasi ya .22 ina safari ndani ya mtutu. Ni fupi, kama sehemu mbili au tatu za elfu moja ya sekunde, lakini katika muda huo mtutu haukai kimya. Bunduki imeanza kurudi nyuma, bega linaizuia kwa chini, mdomo unaanza kuinuka. Tena chuma chenyewe kinatetemeka. Mtu aliyewahi kushika upondo wa ngalawa kwa ncha moja akaugonga anajua: mkono umetulia, ncha ya pili inacheza. Mtutu ni hivyo hivyo, ila hauuoni.

Kwa hiyo swali la kwanza si risasi ina mbio kiasi gani. Swali la kwanza ni mtutu ulikuwa unaangalia wapi risasi ilipouaga. Ya mbio inaaga mapema, mdomo bado haujainuka sana. Ya polepole inachelewa ndani, inatoka mdomo ukiwa umeshapanda. Hivyo ya polepole inatupwa juu zaidi, halafu inaanguka zaidi. Hayo mawili yanavutana, na karatasi inakuonyesha nani kashinda. Watu wa bastola wanalijua hili vizuri kuliko sisi, kwao risasi nzito ya polepole kupiga juu ni jambo la kila siku.

Wewe ukaongeza lako: umelaza mtutu juu ya kifuko kigumu. Unapotetemeka unagonga mchanga na mchanga unaurudisha juu. Nusu ya zile sentimita za mwalimu, na zaidi, ziko ndani ya kifuko chako. Mtutu haulazwi juu ya kitu. Mbao ndiyo inayolazwa.

Fanya hivi Jumamosi. Visanduku vyote viwili, mita 50 na mita 100. Mara moja na kifuko pale ulipokiweka, mara moja na kifuko chini ya mbao. Tano tano. Andika.

Kijana_wa_Ngong

Mzee, basi bunduki bora ni ile ambayo mtutu wake hautikisiki kabisa?

MzeeMtutu

Haipo hiyo. Na tena si lazima uitake.

Nitakupa kisa cha 303, ile bunduki ya Kiingereza Lee-Enfield. Wazee wenzangu wanaikumbuka, imebebwa sana nchi hii. Risasi yake ya Mark 7 ilikuwa na mwendo wa mita 744 kwa sekunde. Bunduki ile kufuli lake la kushikilia risasi liko nyuma, si mbele kama Mauser ya Wajerumani. Ikipigwa, mwili wake unajipinda kidogo na mtutu unacheza juu chini. Ukipiga nayo yadi 200 unaona matundu yametawanyika wima, unasema bunduki gani hii. Ukienda yadi 900 au 1,000, kule Bisley Uingereza walikokuwa wakishindana nayo, matundu yanakusanyika kuliko ulivyotegemea.

Sababu ni hiyo hiyo ya Nahodha. Kila kisanduku kina risasi zenye mbio kidogo na zenye uvivu kidogo. Kwenye 303 mvivu alitoka mdomo ukiwa unapanda, akatupwa juu zaidi. Karibu, yuko juu ya mwenzake. Mbali, anguko lake limemla lile juu, na wote wawili wanakutana. Mbele zaidi ya hapo wanaachana tena. Wapigaji wa .22 wa siku hizi wanaweka kizito kinachozungushwa kwenye mdomo wa mtutu kutafuta jambo lile lile kwa mita 50. Wanakizungusha kidogo kidogo mpaka mvivu na mwenye mbio waingie tundu moja. Wazee waliipata bila kuitafuta.

Dada_Shabaha

Mzee hapo umenifungua macho. Na inaeleza kwa nini watu wanalalamika kisanduku kimoja kinapanga vizuri kwa fulani na vibaya kwa jirani.

Niongeze namba moja. Ndani ya kisanduku kimoja cha bei rahisi, kupishana kwa mita 10 kwa sekunde kati ya risasi na risasi si ajabu. Kwa .22 kwenye mita 50 hiyo ni kama milimita 7 za wima, kama mtutu haukusaidii wala kukuharibia. Karatasi ya kimataifa ya mita 50 ina kiini cha 10 chenye upana wa milimita 10.4, na kila duara linaongezeka milimita 8 kila upande. Yaani umelenga vizuri, umepumua vizuri, triga umeivuta kama unavuta uzi wa buibui, na kisanduku kimekunyang'anya karibu alama nzima. Ndiyo maana wenzetu wa mashindano wananunua kwa namba ya toleo la kiwandani, wakipata linalokaa na bunduki yao wanachukua la mwaka mzima.

Abu_Faisal

Sawa nimekubali la unyevu. Lakini joto je? Hilo msinikatalie. Februari risasi zangu zapiga juu.

MzeeMtutu

Hilo hakuna wa kukukatalia. Baruti yenye joto inawaka kwa nguvu zaidi. Baruti nyingine inaongeza nusu mita kwa sekunde kwa kila digrii, nyingine mita nzima. Kisanduku ukikiacha kwenye dashibodi ya gari pale juani, ukaja ukapiga, usimlaumu mtu. Na risasi ukiitia ndani ya mtutu uliochemka halafu ukaanza kuzungumza na jirani, umeipika. Ama uipige, ama uitoe.

Kijana_wa_Ngong

Hapo ndipo swali langu halisi. Kuna mashindano huku kwetu mwezi huu wa saba na binamu yangu anatoka Mombasa na bunduki ya 308. Amerekebisha darubini huko. Akifika huku na baridi ya asubuhi, itapiga wapi?

Dada_Shabaha

Swali tamu. Mambo mawili yanamvuta pande mbili.

Hewa ya huko ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya sita. Risasi inakabwa kidogo, inafika mapema, inapiga juu. Tuseme risasi ya mita 880 kwa sekunde, shabaha mita 300: hewa peke yake itampandisha kama sentimita 2.

Halafu baridi. Hapa kwetu sasa mchana ni digrii 27, asubuhi ya Ngong unaijua mwenyewe, tuseme 13. Digrii 14 zimepungua, mwendo umeshuka mita 7 hadi 14 kwa sekunde kutegemea baruti. Hiyo inamshusha sentimita moja hadi mbili na ushei.

Mkono mmoja unampa, wa pili unamnyang'anya. Anaweza kufika akapiga pale pale akadhani hakuna kilichobadilika. Jua likipanda mchana baruti inapata joto, hewa ni ile ile nyepesi, na matundu yake yanaanza kupanda. Mwambie asiiguse darubini saa mbili asubuhi kisha aisahau.

Kijana_wa_Ngong

Nimempelekea. Kasema anakuja na SGR na koti mbili.

chizi_wa_Kongowea

Hizo risasi ndizo zivalishwe koti.

Mama_Digidigi

Samahani, mimi mgeni hapa. Haya yote yana faida kwa anayetaka kuwinda?

Mkuu_wa_Jukwaa

Mama, karibu, lakini uwindaji umepigwa marufuku Kenya tangu 1977. Hapa tunatoboa karatasi tu.

Nahodha_wa_Tudor

Nimerudi kutoka renji. Nimefanya vile mzee alivyosema, na daftari nimeloanisha kwa jasho lakini namba zinasomeka. Nimepima katikati ya matundu matano ya mbio dhidi ya katikati ya matundu matano ya kawaida.

Kifuko chini ya mtutu: mita 50, za mbio ziko sentimita 1 chini. Ile ile ya juzi. Mita 100, za mbio ziko sentimita 4 JUU.

Kifuko chini ya mbao: mita 50, za mbio sentimita 2 juu. Mita 100, sentimita 10 juu.

Nilipohamisha kifuko, na za kawaida nazo zilihama, zilishuka kwenye karatasi mpaka nikashtuka. Miaka miwili nimekuwa nikirekebisha darubini kwa kifuko kibaya.

Jambo jingine. Darubini ilipanda ukungu mwanzoni kwa sababu niliitoa kwenye gari lenye kiyoyozi nikaiingiza moja kwa moja kwenye joto. Nilisubiri robo saa. Mjue hilo.

Dada_Shabaha

Nahodha, wewe ungekuwa mwanafunzi wangu ningekupa kalamu.

Angalia namba zako. Kwa hesabu tupu, mita 100 ya mbio ilipaswa kuwa juu kwa kama sentimita 12. Kifuko kibaya kilikuwa kinaiba 4 kwenye mita 50. Mtutu ukielekea pengine, kosa linakua sawa na umbali, kwa hiyo mita 100 kinaiba 8. Kumi na mbili toa nane, nne. Ndiyo uliyopata! Kifuko kizuri kinaiba 1 kwenye mita 50, basi 2 kwenye mita 100, zinabaki 10. Ndiyo uliyopata.

Mtutu unaharibu kwa mstari ulionyooka. Kuanguka kunakua kwa muda mara muda. Ndiyo maana za mbio zilishindwa kwenye 50 zikashinda kwenye 100.

MzeeMtutu

Na hiyo sentimita moja iliyobaki ni kawaida ya bunduki yako. Usiitafutie dawa. Ijue tu.

Nahodha_wa_Tudor

Alhamdulillahi. Lakini kuna kitu kingine kimenichanganya. Kwenye saa tatu na nusu kusi ilianza kuvuma, ikatupiga ubavuni. Nikasema sasa hapa ndipo za mbio zitalipa bei yake, zinafika mapema, upepo hautazisukuma sana. Wallahi zilikwenda kando KULIKO za kawaida. Mita 100, kama vidole viwili zaidi. Tena nikahesabu na mbao, si kifuko kile.

Abu_Faisal

Hiyo haiwezekani. Hapo umekosea kusoma upepo.

Dada_Shabaha

Inawezekana, na ni kitu kinachoudhi watu tangu .22 za mbio zianze kuuzwa.

Upepo wa ubavuni hausukumi kwa muda wote wa safari. Unasukuma kwa muda ULIOPOTEA, yaani tofauti kati ya muda ambao risasi imetumia na muda ambao ingetumia kama hewa isingekuwepo. Risasi isiyokabwa na hewa haipeperushwi hata ikichelewa.

Mwendo wa sauti kwa joto la hapa ni kama mita 347 kwa sekunde. Ya kawaida, 325, haifiki hapo, inasafiri kimya kimya. Ya mbio inatoka 380, imevuka mwendo wa sauti, na mle karibu na kizingiti hicho ndimo hewa inapokaba vibaya sana. Inapoteza mwendo haraka, na kabla ya mita 50 inarudi chini ya kizingiti huku ikitikiswa. Kwenye mita 100 ya kawaida imepoteza kama sekunde 0.025, ya mbio kama 0.031. Kusi ya mita 5 kwa sekunde: sentimita 12 na nusu dhidi ya 15 na nusu.

Vidole viwili, umesema?

Nahodha_wa_Tudor

Vidole viwili vyembamba.

Abu_Faisal

Haya. Nimenyamaza. Lakini 308 je, nayo nipunguze mwendo nipate upepo kidogo?

MzeeMtutu

Hasha. 308 inakaa juu ya mwendo wa sauti safari nzima ya mita 300. Kwake mbio zaidi ni upepo kidogo. Ni huyu .22 ndiye anayecheza mlangoni.

Nahodha_wa_Tudor

Basi nimeamua. Narudi kwa za kawaida, darubini nimeianza upya na kifuko chini ya mbao. Za mbio zimebaki thelathini na tano. Kuna anayezitaka kwa bei ya

Mkuu_wa_Jukwaa

Nimekata hapo, Nahodha. Risasi haziuzwi humu, wala hazipewi mtu kwa mkono. Unajua sheria, leseni yako ni yako.

Nahodha_wa_Tudor

Samahani mkuu, ulimi uliteleza. Nitazimaliza mwenyewe.

chizi_wa_Kongowea

Zimalize siku ya kusi nije nicheke.